Kipanya cha Kaka Mkubwa

Kaka Mkubwa alitaka kipanya. Alikitaka kama mtoto anavyotaka kiatu alichokiona mguuni kwa mwenzake, na wa kumpa alikuwa mtu mmoja tu: mdogo wake wa mwisho, ambaye alikuwa anamchukia yeye kuliko njaa. Kaka mtu hakujua kama anachukiwa. Utamu wote ulikuwa hapo.

"Kitinda," alisema, amesimama mlangoni pa chumba cha kompyuta na mikono mfukoni, "hizi skrini zako nyeusi ni za zama za kale. Kila mahali watu wanabonyeza kwa kipanya. Mimi hapa nadonoadonoa kibodi kama kuku. Niwekee kipanya."

"Kwenye skrini ya herufi tupu, kaka?"

"Tupu au zimevaa nguo, hiyo ni shauri yako. Niwekee."

"Nitakuwekea," alisema Kitinda, na akatabasamu vizuri, kwa meno yote.

Kiwanda kilikuwa cha mikate, na kilikuwa cha familia. Baba yao alikianza kwa tanuri moja la matofali, akafa ameacha matanuri matatu ya chuma, malori mawili na ugomvi ambao ulikuwa bado haujaota meno. Mwenye mali alikuwa mama yao, Bi Mkubwa, mwanamke mfupi wa maneno machache, ambaye funguo za kiwanda zilikaa ndani ya mkoba wake na mkoba ulikaa kwapani. Kaka Mkubwa alikuwa meneja, lakini kila asubuhi alifunguliwa ofisi na mama yake kama mwanafunzi anayefunguliwa darasa. Wafanyakazi walimwita Mshika Zamu. Akilisikia jina hilo masikio yalimcheza.

Kitinda ndiye aliyeandika programu iliyoendesha oda. Kazi hiyo aliiokoteza, huku kitabu cha kuazima, kule fundi wa kumfuata nyuma na kumuuliza maswali mpaka akachoka naye. Programu yake haikuwa na picha wala rangi za kupumbaza watu. Skrini nyeusi, herufi za kijani, basi. Ofisini waliandika idadi ya mikate, wakagonga M, maana yake Maliza, na kule chini kwenye ukumbi wa kukandia mlango wa pipa la unga ulifunguka wenyewe, maji na hamira vikafuata, mkono wa chuma ukaanza kuzunguka ndani ya beseni. Haikuwahi kukosea. Alikosea mtu, si programu, na mtu huyo ndiye tunayemfikia sasa.

Mume wa Kitinda alikuwa Fundi Tanuri. Hilo ndilo jina aliloitwa na kila mtu, hata mkewe. Alisimamia tanuri namba mbili, na alilijua kama mtu anavyolijua tumbo lake mwenyewe. Tanuri lile lilikuwa na komeo la usalama: mvuke ukiwa umejaa ndani, komeo linagoma, mlango haufunguki mpaka mvuke upungue. Kungoja kwenyewe ni muda wa kumaliza kikombe cha chai. Lakini Kaka Mkubwa alikuwa na malori yanayongoja na roho isiyongoja. Akaagiza komeo lifungwe kwa waya, libaki wazi siku nzima. Fundi Tanuri akakataa. Mchana, Fundi alipokwenda kula, Kaka Mkubwa akalifunga kwa mkono wake mwenyewe na hakumwambia mtu. Fundi akarudi, akavuta mlango kama alivyouvuta siku zote, akijua kwamba kama si salama komeo litamkatalia.

Halikumkatalia. Mvuke ulimchukua mikono yote miwili mpaka viwikoni.

Waya ule ulitoweka kabla mtu hajapata akili ya kuutafuta. Bi Mkubwa alipofika hospitali akauliza imekuwaje, Kaka Mkubwa alijibu kwa sauti ya huruma, ile ya kumzika mtu angali anapumua: "Mama, tusimlaumu sana. Alikuwa amelewa."

Uongo hushika vizuri palipo na doa. Ni kweli Fundi Tanuri alikunywa ujanani. Aliacha kabla hajaoa, na tangu hapo hata dawa ya kikohozi aliiuliza kwanza ina nini ndani. Lakini nani anakumbuka siku mtu alipoacha? Watu hukumbuka siku alipolala mtaroni. Bi Mkubwa aliamini. Kitinda alisema, akalia, akaapa, na akaambiwa kwamba mke hamtolei mumewe ushahidi. Waliokuwapo zamu ile wote walikuwa wameona sakafu tu.

Kisha Kaka Mkubwa akafanya wema. Alimpa shemeji yake kazi ya kufungua geti. Kila asubuhi aliteremsha kioo cha gari na kuuliza, "Shemeji, leo kichwa kizima?" Na watu walicheka, maana utani wa bosi huchekwa hata ukiwa umechacha. Fundi Tanuri alisukuma geti kwa ile mikono yake iliyojikunja kama ngozi ya ngoma, na hakujibu. Aliacha kwenda nyumbani kwa mkwewe. Aliacha kula mkate. Kitinda alimuuliza siku moja kwa nini hajitetei.

"Nikijitetea nitanuka pombe zaidi," alisema.

Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema. Hawakusema neno kuhusu mke wa mwenye kovu.

Ilikuwa sasa miaka mitatu. Kitinda alikwenda kazini, akamsalimia kaka yake, akamrekebishia mashine, akamwandalia chai wageni walipokuja. Hakutaka fidia wala radhi za pembeni. Alitaka Kaka Mkubwa aseme mbele ya mama yao kwamba waya ulikuwa wake. Na kama hatasema, basi naye aonje: asimame mbele ya watu, mashine imemgeuka, aseme "sikufanya kitu", na asiaminiwe.

Na sasa mtu huyu alikuwa anaomba kipanya.

Skrini ya herufi haina macho. Ukisogeza kipanya juu yake, mshale unatembea kama nzi kwenye kioo na programu iliyo ndani haina habari. Ukitaka iwe na habari, lazima kwanza uiagize skrini: kuanzia sasa, kila mtu akibonyeza, niambie. Nayo inatii. Mtu akibonyeza, inatuma mkia mrefu wa alama. Mbele ya mkia ipo Esc, ileile ya kwenye kibodi. Halafu mabano na vialama. Halafu nambari ya kitufe, halafu safu ya ngapi, halafu mstari wa ngapi, na mwisho kabisa herufi M. Mtu akiinua kidole, mkia mwingine kama ule unakuja, ila mwisho wake ni m ndogo. Programu iliyofundishwa kuusoma mkia huo inasema: aha, amebonyeza pale. Programu isiyofundishwa haijui kipanya ni nini. Inadhani kuna mtu anacharaza kibodi kwa kasi ya ajabu.

Kitinda alikaa mbele ya skrini yake na kuanza kuufuata mkia ule kwa kidole, alama kwa alama, akijiuliza ukurasa wa oda ungeuelewaje kama haungefundishwa. Esc: inafuta kisanduku cha idadi. Mabano na vialama: vinatupwa, si tarakimu. Sifuri ya kitufe, safu, mstari: tarakimu, zinajaza kisanduku. M: Maliza. Mtu akibonyeza safu ya sitini, mstari wa ishirini, ameagiza mikate elfu sita na ishirini. Akiinua kidole, ameiagiza tena, kwa sababu m ndogo na kubwa zilifanya kazi moja. Kitinda aliziunganisha zamani kwa ajili ya kaka yake huyohuyo, ambaye hakuwahi kujua herufi kubwa zinawashwa wapi.

Aliegemea kiti. Alicheka peke yake mpaka karani wa jirani akamuuliza kama yuko salama.

Kinga ilikuwa moja. Kila ukurasa wa oda uliuliza kabla ya kutuma: Una uhakika? Kila ukurasa isipokuwa wa meneja. Kaka Mkubwa aliamuru swali hilo liondolewe kwake, tena kwa hasira. "Mimi siulizwi swali na bati," alisema, na likaondolewa.

Kwa hiyo Kitinda alifanya kazi safi. Kurasa zote za makarani alizifundisha kipanya, akazijaribu, zikaenda kama maji. Alipofika kwenye ukurasa wa meneja aliiagiza skrini itoe taarifa, halafu akaishia hapo. Hakuandika ubaya wowote. Aliacha tu kuandika wema. Mtu akija kumuuliza, angesema amesahau, na nani hasahau?

"Tayari?" Kaka Mkubwa aliuliza.

"Tayari, lakini ukurasa wako usiuguse bado. Jumamosi si mama na Mjomba wanakuja kukukabidhi funguo? Uufungue siku hiyo, wewe mwenyewe, wakuone."

Aliimeza kama sukari. "Unajua, Kitinda, wewe siku hizi una adabu."

"Nimekua, kaka."

Jumamosi mchana ofisi ya meneja ilifagiliwa mpaka nyuma ya kabati. Ilikuwa ghorofani, na dirisha lake kubwa lilitazama chini kwenye ukumbi wa kukandia, ila meza ilikuwa imewekwa ili meneja alipe dirisha mgongo, maana vumbi la unga lilimkera macho. Bi Mkubwa alikaa kwenye kiti chenye mto, mkoba kwapani. Mjomba, ndugu yake, alisimama kwa sababu alikuwa na mgongo, na kwa sababu alipenda kutembeatembea akishika vitu vya watu.

"Hiki ndicho kipanya chenyewe?" Mjomba aliuliza. "Hakina masikio."

"Mjomba, tazama tu," alisema Kaka Mkubwa. Alifungua ukurasa wa makarani, akabonyeza huku, akabonyeza kule. Kila alipobonyeza pakang'aa. Mjomba akasema mashallah. Bi Mkubwa akasogeza mkoba mapajani, na kufuli ya mkoba ikalia. Kitinda alisimama dirishani.

"Sasa wa kwangu," alisema Kaka Mkubwa, na akafungua ukurasa wa meneja. "Huu ni wa oda kubwa. Naweka mshale hapa, nabonyeza."

Akabonyeza. Tarakimu zilimulika kwenye kisanduku na kutoweka. Oda ikishatumwa kisanduku hujisafisha. Ndivyo kilivyokuwa siku zote. Kaka Mkubwa aliona kisanduku kitupu na akadhani hakijasikia. Na mtu ambaye kipanya hakijamsikia hufanya jambo moja tu, awe bosi au mfagizi: hubonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba anaongea na kiziwi.

"Mbona hakisikii?"

"Jaribu pembeni kidogo, kaka," alisema Kitinda kwa upole. "Kulia, chini kabisa."

Kulia chini kabisa ndiko nambari zilikokuwa kubwa.

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kule chini mlango wa pipa la unga ulifunguka, ukakaa wazi. Mashine ilikuwa haijamaliza oda ya kwanza, ya pili ikaiangukia, na ya tatu ikaiangukia ya pili. Kitinda aliliona wingu la kwanza la unga likipanda kuelekea dirishani, na ndani ya wingu mkono wa chuma ukizunguka, na beseni likivimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Miaka mitatu, alijiambia. Vimba. Vimba, mwanangu.

"Kule chini kuna ukungu?" aliuliza Mjomba.

"Ni kazi inaendelea," alisema Kaka Mkubwa bila kugeuka, na kubonyeza.

Aliyesimamia ukumbi wa kukandia alikuwa mwanamke mnene mcheshi aliyeitwa Mama Unga, kwa sababu aliondoka nyumbani mweusi na kurudi mweupe. Alipoona unga unamwagika alikimbia ukutani akapiga kitufe cha kusimamisha. Mkono wa chuma ukasimama. Unga uliokandwa ulikuwa umeshapita ukingo wa beseni na kuanza kuteremka sakafuni kwa mikunjo, na donge kubwa lilikuwa limejisokota kwenye shingo ya mkono ule. Mama Unga akafanya jambo ambalo angelifanya mtu yeyote wa kazi ile. Alikunja mkono wa gauni, akaingiza mkono ndani kulitoa donge.

Kitinda aliona haya yote kupitia kioo. Kitufe kile kilisimamisha oda iliyokuwapo. Oda mpya ikifika, mashine inaanza upya. Hivyo ndivyo alivyoiandika yeye, ili wasipoteze muda. Alijua. Alikuwa hajalifikiria, ila alilijua. Nyuma yake alisikia kidole cha kaka yake kikiteremka, na mdomo wake ukafunguka, na sauti haikutoka kwa wakati.

Kipanya kililia tik.

Mama Unga alipiga ukelele uliopanda mpaka darini, na papo hapo kila kitu kikazimika. Taa, matanuri, feni, skrini. Kiwanda kizima kilinyamaza.

Sanduku la umeme mkuu lilikuwa ndani ya kibanda cha geti. Fundi Tanuri alikuwa amesikia mashine ikisimama na kuanza, akajua kwa sikio kwamba haikuanza kwa mpango, na aliposikia ukelele hakuja kuuliza. Aliivuta swichi kubwa kwa mikono miwili. Halafu akaja mbio.

Walipofika chini walimkuta amepanda juu ya beseni, anauchimbua mkono wa Mama Unga kutoka ndani ya unga kwa vidole visivyokunjuka sawasawa, huku akimwambia, "Usivute, dada. Usivute. Niachie mimi." Mkono ukatoka. Ulikuwa umevimba na kiwiko kimeteguka, lakini ulikuwa mzima. Unga ule ulikuwa bado laini. Ungekuwa umeshakuwa mgumu, wangezika mkono.

Sakafu nzima ilikuwa inatambaa. Hamira haina habari ya umeme kukatika. Unga ulivimba na kusogea taratibu kuelekea viatu vya watu, na kiatu cha Kaka Mkubwa kilikuwa cha kwanza kuzama.

"Nani kaagiza?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Oda za meneja, Bi Mkubwa," alisema Mama Unga, amekaa chini, uso una jasho na machozi. "Zimekuja kama mvua. Nasimamisha, inakuja nyingine."

Bi Mkubwa akageuka. Kaka Mkubwa alikuwa anajaribu kuutoa mguu kwenye unga bila kuacha kiatu.

"Mama, sikuagiza kitu. Nilibonyeza tu."

"Ulibonyeza nini?"

"Hakuna. Ilikuwa haisikii. Mimi sikufanya kitu, mashine ilienda yenyewe."

Bi Mkubwa alimtazama usoni. "Umekunywa?"

"Mama. Mimi?"

Nyuma, kati ya wakandaji, sauti fulani ilisema bila kuinuka sana, "Leo kichwa kizima, bosi?" Na watu wakacheka, safari hii bila kulazimishwa. Masikio ya Kaka Mkubwa yalicheza. Alizungusha macho akitafuta mtu wa kumtetea, na macho yakatua kwa mdogo wake.

"Kitinda. Wewe ndiye unayeijua. Mwambie mama kwamba mashine inaweza kufanya hivi yenyewe."

"Nitamwambia," alisema Kitinda. "Ya kwangu nitayasema yote. Lakini ya kwako yana umri mkubwa, kaka. Yatangulie."

"Ya kwangu yapi?"

"Ya komeo."

Fundi Tanuri, aliyekuwa anapasua kitambaa cha kumfungia Mama Unga mkono, aliacha kupasua.

Kaka Mkubwa alicheka kidogo. Kicheko kilipokosa mwenzake kikafa. Alitazama mkoba kwapani mwa mama yake. Ungeweza kuona anavyopima: kuwa mlevi wa leo, mbele ya watu wote hawa, na funguo zimekwenda, au kuwa mwongo wa zamani, akasamehewa, na pengine funguo zikarudi. Alikuwa mtu wa kupenda njia fupi.

"Lile komeo," alisema, "siku ile... lilikuwa na waya."

"Nani aliuweka?" aliuliza mama yake.

"Malori yalikuwa yanangoja, mama, na wateja..."

"Nimekuuliza malori?"

Unga ulipanda mpaka kwenye kamba za kiatu.

"Mimi," alisema Kaka Mkubwa.

Kitinda alikuwa amelingoja neno hilo muda mrefu kiasi kwamba lilipotoka alihofia hakulisikia sawasawa. Alimtazama kaka yake akiwa amesimama pale na kiatu kimoja, unga kwenye nyusi, wafanyakazi wake wote wakimwangalia usoni na si sakafuni, na akaona utamu ukimpanda kutoka tumboni mpaka kooni. Asingeubadilisha na kiwanda kizima.

"Haya," alisema Kaka Mkubwa, kwa ukali wa mtu aliyelipa na sasa anataka mzigo wake. "Na wewe sema."

Kitinda alisema. Alieleza mkia wa alama, na safu na mstari kugeuka mikate, na M. Alieleza kwamba kurasa nyingine zote zilifundishwa kuusoma mkia huo, na ukurasa wa meneja haukufundishwa.

"Ulisahau," alisema Bi Mkubwa. Hakuwa anauliza. Alikuwa anamfungulia mlango.

Angeweza kupita. Lakini kaka yake alikuwa anamtazama kwa uso wa mtu aliyepigwa na bahati mbaya, na Kitinda hakutaka ajue ni bahati. Kumpiga mtu asijue nani kampiga ni kumpiga nusu.

"Sikusahau, mama. Niliacha makusudi. Na nilimwambia abonyeze kulia chini, kwa sababu ndiko mikate mingi iliko."

Mjomba alikohoa. "Mtenda akitendewa..." alianza, halafu akamwangalia Mama Unga pale chini, na methali akaimeza.

Bi Mkubwa aliufunga mkoba. "Funguo zinarudi nyumbani," alisema. "Wewe hutazishika, na wewe hutazishika." Alimsogelea Fundi Tanuri, akiinua miguu juu ya unga mmoja mmoja. "Mkwe wangu. Nilikukosea."

"Ngoja kidogo, mama," alisema Fundi Tanuri. "Nimfunge kwanza huyu mkono."

Jioni ile Kitinda alirudi nyumbani akitarajia furaha, na kwa sababu ya kuitarajia alinunua nyama. Mumewe alikuwa amekaa nje ya mlango wa jikoni, anakwangua unga uliokauka kwenye mikono yake kwa upande wa kijiko. Makovu hayakumruhusu kuusugua.

"Amesema," alisema Kitinda. "Umesikia mwenyewe. Mbele ya kila mtu."

"Nimesikia."

"Mama amesema urudi kwenye tanuri, uwe msimamizi wa yote matatu."

"Ameniambia."

"Sasa mbona umenuna?"

Aliendelea kukwangua. "Ulikuwa dirishani. Ulimwona anaingiza mkono?"

"Nilimwona."

"Na mashine ile, ulijua itaanza tena."

"Sikumfikiria Mama Unga. Nilimfikiria yule mwingine."

"Ndiyo," alisema mumewe. "Kaka yako naye siku ile alikuwa hanifikirii mimi. Alikuwa anafikiria malori."

Ilimchoma Kitinda, na kwa kuwa ilimchoma alikasirika. "Miaka mitatu nimenyamaza. Nimemchemshia chai mtu yule. Nimefanya kwa ajili yako, na wewe unanilinganisha naye?"

"Jina langu nimelipokea, na nashukuru. Silitupi." Aliweka kijiko chini. "Lakini lina mkono wa mtu ndani yake. Kesho nenda kwa Mama Unga. Usinitume mimi, wala usipeleke kitu mkononi. Nenda tu."

Nyama ililiwa, haina ladha.

Jumapili asubuhi Kitinda alipiga hodi. Mama Unga aliishi chumba cha mwisho kwenye safu ya vyumba, na alikuwa barazani, mkono umefungwa shingoni, anajaribu kukamua nguo kwa mkono mmoja kwa kuibana chini ya unyayo. Bila unga usoni alionekana mtu mwingine, mzee zaidi.

"Karibu," alisema, na hakumpa kiti.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi? Sema lote. Nataka kulisikia likisemwa."

Kitinda alilisema lote. Alisema kwamba alijua mashine itaanza tena. Alisema kwamba alimwona, na alichelewa, na sababu ya kuchelewa ni kwamba alikuwa anafurahi. Maneno hayo yalikuwa magumu kutoka kuliko yale ya jana mbele ya mama yake, na yalipotoka hayakuwa na utamu wowote.

Mama Unga alimsikiliza mpaka mwisho, amekanyaga nguo.

"Mshika Zamu alistahili," alisema. "Nimecheka sana nikimkumbuka na kile kiatu chake. Hata jana hospitali nimecheka, wakanidhania nimepata homa. Wewe na mumeo mlionewa, na mimi nilikuwa kwenye zamu ile ya komeo, nikatazama sakafu, kwa hiyo sijidai mtakatifu."

"Basi yaishe, dada."

"Yaishe?" Mama Unga alimwangalia kutoka juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayempimia nguo. "Kaka yako ulimngoja miaka mitatu, unamchekea kila siku. Mimi unataka niwe nimemaliza Jumapili moja?"

Kitinda aliitazama ile nguo iliyobanwa chini ya unyayo, maji yakitiririka kidogokidogo barazani, akainama ili ashike ncha ya pili amsaidie kukamua.

"Iache," alisema Mama Unga.

Akaiacha.